Mlio wa Skana Si Jibu la Programu

Siku hiyo dada wa maktaba alianza kazi mapema. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu vitabu vyote, rafu kwa rafu: anashika kitabu, anakigeuza, anaelekeza skana kwenye msimbopau, ile mistari myeusi na myeupe ya jalada la nyuma, anasikia mlio, anakirudisha mahali pake, anashika kingine. Programu ya kupokea hesabu hiyo niliiandika mimi. Ilipofika jioni alikuwa amemaliza rafu kumi na moja, vitabu zaidi ya 600 kwa hesabu aliyokuwa akiiandika pembeni kwa kalamu. Nilipofungua orodha kwenye programu nilikuta vitabu 38.

Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Skana nzima, waya mzima, programu ilikuwa wazi muda wote. Ila baada ya kitabu cha 38, kidirisha kidogo cha mfumo kilijitokeza pembeni mwa skrini kukumbusha kwamba kompyuta inataka kuzimwa na kuwashwa tena, na kilipojitokeza kikakinyakua kishale. Tangu hapo kila tarakimu iliyotoka kwenye skana ilikwenda kwenye kidirisha kisicho na pa kuandika, ikapotelea huko. Skana yenyewe iliendelea kulia. Ililia mara mia tano na kitu, na kila mlio ulikuwa ukimwambia dada yule: tayari, lete kingine.

"Mbona ilikuwa inalia?" aliniuliza.

Sikuwa na la kumjibu. Kesho yake alianza upya kutoka rafu ya kwanza, nami nikabaki na swali lake. Tangu wakati huo nimeunganisha skana na programu za kila namna, na kila ninapoanza kazi mpya swali hilo ndilo linalonitangulia mezani.

Skana ya kawaida ya USB, ukiichomeka, haijitambulishi kwa kompyuta kuwa ni skana. Hujitambulisha kuwa ni kibodi. Kompyuta haina habari kwamba kuna leza, wala kamera, wala msimbopau. Inachojua ni kwamba imechomekwa kibodi ya pili, na kuna mtu mwenye vidole vyepesi mno anaichapa. Ndiyo maana huhitaji kusakinisha chochote. Fungua programu yoyote ya kuandikia, weka kishale, soma kitabu kimoja, na tarakimu 13 zitajiandika zenyewe kisha kishale kitashuka mstari unaofuata. Anayeona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani kazi ya kuunganisha imekwisha. Mimi nilidhani hivyo, na vile vitabu 38 vilitokana na dhana hiyo.

Mtindo huu ni mkongwe kuliko USB. Wakati kibodi ilipokuwa na tundu lake la peke yake nyuma ya kompyuta, watengenezaji wa skana walibuni kifaa cha kupachikwa katikati: waya wa kibodi unaingia huku, wa skana unaingia kule, na mmoja tu unatoka kwenda kwenye kompyuta. Kilikaa pale kama kabari ndani ya ufa wa gogo, na Waingereza wanauita mtindo huo kwa jina la kabari mpaka leo. Faida yake ilikuwa kubwa. Programu zilizoandikwa miaka mingi kabla, ambazo hazikuwahi kusikia habari za misimbopau, ziliweza kupokea data yake bila kuguswa hata mstari mmoja. Na hasara yake imo ndani ya faida hiyohiyo: programu haina njia ya wazi ya kujua kama anayeandika ni skana au ni mtu.

Ukisogea karibu zaidi unakuta jambo la ajabu. Kibodi ya USB haitumi herufi hata kidogo. Inatuma namba ya kitufe. Kitufe cha 1 cha safu ya juu ni namba 30, cha 2 ni 31, hivyohivyo mpaka cha 9 ambacho ni 38. Sifuri ni 39, na Enter ni 40. Skana ikitaka kuandika 7 hutuma pakiti ya baiti 8 inayosema kitufe cha 36 kimebonyezwa, kisha nyingine inayosema kimeachiwa. Kuachia huko si urembo. Kama msimbo una 33 ndani yake na skana haikuachia kitufe katikati, kompyuta itaona 3 moja iliyoshikiliwa tu. Kazi ya kugeuza 36 iwe herufi ni ya mfumo wa kompyuta, nao hufuata mpangilio wa kibodi uliochaguliwa kwenye mashine ile.

Jambo hili lilinila nusu siku nzima kabla sijalielewa. Kulikuwa na kompyuta moja ambayo mwenyewe amezoea kuandika Kifaransa, kwa hiyo mpangilio wake ulikuwa wa Kifaransa. Skana iliyofanya kazi vizuri kwenye mashine nyingine zote, ikihamishiwa pale ilijaza orodha yangu takataka za alama na herufi zenye vichwa. Nilibadilisha waya. Nilibadilisha tundu. Nilikuwa nimeshaanza kuishuku skana yenyewe, ndipo nilipoona kwamba kila mstari wa takataka zile unaanza na alama tatu zilezile: çè_. Takataka halisi hazina utaratibu. Na vitabu, karibu vyote, misimbo yake huanza na tarakimu tatu zilezile: 978. Basi ç ilikuwa 9, è ilikuwa 7, na mstari wa chini ulikuwa 8. Kwenye kibodi ya Kifaransa tarakimu za safu ya juu hupatikana kwa kushika Shift, na bila Shift vitufe hivyo hutoa alama hizo. Skana ilikuwa inasema kweli tupu, ila kwa lugha ya kibodi ya Kimarekani, kwa msikilizaji aliyekuwa akisikiliza kwa Kifaransa.

Dawa yake imo kwenye kijitabu cha maelekezo cha skana, na ni dawa inayonifurahisha kila mara: skana hupangwa kwa kusomeshwa. Unaisomesha msimbopau wa kuingia kwenye mipangilio, kisha ule wa mpangilio wa kibodi unaoutaka, kisha wa kutoka, basi. Ukurasa wenye msimbopau wa kuirudisha skana kwenye hali ya kiwandani nauchapa na kuubandika ndani ya kabati, kwa sababu siku moja kila mtu ataipanga skana vibaya na kijitabu kitakuwa kimepotea. Lakini usikiache kijitabu chenyewe wazi juu ya meza ya kazi. Misimbo ile haina mlinzi. Skana ikipita juu yake kwa bahati mbaya itatii. Kwa mashine za Kijerumani utaona Y na Z zimebadilishana nafasi. Na kama herufi kubwa zinatoka ndogo na ndogo zinatoka kubwa, tazama Caps Lock kabla hujatazama kingine.

Nilipokwisha kuyaelewa haya ndipo nilipoanza kuiona kazi yenyewe kwa sura nyingine. Skana ni mpiga kelele sokoni. Anataja jambo lake mara moja, kwa haraka, na hajali nani amesikia. Ili kelele hiyo iwe ujumbe, programu lazima ijue mambo matatu: ujumbe umeanzia wapi, umeishia wapi, na aliyekusudiwa ni nani. Katika mtindo wa kibodi unapewa moja tu kati ya hayo, nalo ni mwisho.

Mwisho huo kwa kawaida ni Enter, ambayo skana huiongeza yenyewe baada ya tarakimu ya mwisho. Unaweza kuibadilisha iwe Tab, au uiondoe kabisa. Enter inaonekana kitu kidogo, lakini ndiyo tarakimu yenye nguvu kuliko zote zinazotoka kwenye skana, maana ndiyo inayotenda. Katika kazi nyingine mtumishi mmoja alikuwa amefungua kwa makosa kidirisha cha kuuliza kama ana uhakika anataka kufuta rekodi, na kitufe cha "Ndiyo" ndicho kilichokuwa kimetangulizwa, yaani ndicho ambacho Enter ingekibonyeza. Hakukiona. Alikuwa anamtazama msomaji aliyesimama mbele yake. Akasoma kitabu kilichofuata. Kidirisha kikazipuuza tarakimu 13 zisizokihusu, kikaipokea Enter, na rekodi ikafutwa. Tangu siku hiyo, katika programu yoyote itakayokaa jirani na skana, sikubali kitufe chenye madhara kitangulizwe, na maswali ya kufuta nayataka yajibiwe kwa kubofya kipanya, si kwa kibodi.

Kuhusu mwanzo na mpokeaji, nimejaribu njia nyingi. Ya kwanza ni kuifanya programu isikilize vitufe vyote vinavyobonyezwa ndani ya dirisha lake, popote kishale kilipo, na kupima muda kati ya kitufe na kitufe. Mwandishi mwepesi sana, wa maneno 100 kwa dakika, huacha wastani wa milisekunde 120 kati ya herufi na herufi. Skana huacha chache mno kuliko hapo. Ukiweka mpaka kwenye milisekunde 50 unaweza kutenganisha mkono wa mtu na skana. Nilikuwa naipenda njia hii mpaka mtu alipoegemeza daftari juu ya kibodi. Kitufe kilichoshikiliwa hujirudia chenyewe mara kama 30 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 33 hivi, na programu yangu ikaamini kwamba skana inasoma kitu kirefu chenye tarakimu moja tu. Pia njia hii hudhoofika pale kompyuta inapolemewa, au pale mtu anapofanya kazi kwenye mashine ya mbali kupitia mtandao: vitufe huchelewa, vingine huangukia njiani. Hapo inabidi skana ipangwe iache pengo kati ya herufi, na kipimo chako cha muda ukipange upya kulifuata pengo hilo.

Bora kuliko kupima muda ni kuipanga skana itangulize alama ambayo hakuna mtu anayeichapa katika kazi ile. Programu ikiiona alama hiyo inajua: huyu si mtu, na kuanzia hapa mpaka Enter ni ujumbe mmoja. Mwanzo umepatikana. Lakini hata hivyo lile dirisha la programu lazima liwe mbele ya mengine. Kidirisha cha mfumo kikijitokeza tena, tumerudi palepale kwenye vitabu 38.

Ndiyo maana kwa kazi nzito siku hizi naitoa skana kwenye ukibodi kabisa. Skana nyingi zinaweza kusomeshwa msimbopau wa kuzigeuza ziwe poti ya siriali, ile njia ya zamani ya kupitisha herufi moja baada ya nyingine kwenye waya, isipokuwa sasa inapita ndani ya USB. Mfumo hauoni kibodi tena. Unaona poti, kama COM3 kwenye Windows au ttyACM0 kwenye Linux, na programu yako ndiyo inayoifungua na kuisikiliza. Data inakuja kwake hata kama dirisha limefunikwa, limepunguzwa, au mtu anaandika barua kwenye programu nyingine. Zinakuja herufi zenyewe wala si namba za vitufe, kwa hiyo Kifaransa na Kijerumani havina nafasi tena ya kuziharibu. Na waya ukichomoka poti inatoweka, programu inajua, na inaweza kumwambia mtumiaji. Kibodi ikichomolewa programu haiambiwi kitu. Inaona kimya, na kimya cha skana iliyochomoka hakina tofauti na kimya cha mtu aliyeenda kupumzika.

Poti nayo ina mtego wake, na huu nataka niueleze polepole kwa sababu nimeuona ukiwanasa hata watu wenye uzoefu. Ukiiambia programu "nisomee kilichopo kwenye poti", itakupa kilichofika mpaka dakika ile, si ujumbe mzima. Kwenye poti ya siriali ya kweli iliyopangwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila herufi hubebwa na biti 10, maana kuna biti ya kufungua na ya kufunga. Hiyo ni herufi 960 kwa sekunde, kwa hiyo msimbo wa tarakimu 13 pamoja na alama ya mwisho hutumia karibu milisekunde 15 njiani. Programu ikichungulia katikati ya hizo 15, itapata tarakimu tano. Ikichungulia tena itapata nane zilizobaki. Na ikiwa mkono wa mtumiaji ni mwepesi, kuchungulia mara moja kunaweza kuleta mkia wa kitabu kimoja pamoja na kichwa cha kingine. Mezani kwako, ukijaribu kitabu kimoja kimoja kwa utulivu, kila kitu kitafika kizima na utaridhika. Itavunjika kwenye kazi yenyewe.

Kwa hiyo weka kikapu. Kila kinachotoka kwenye poti kitie kikapuni bila kukihoji. Kisha tazama kikapuni kama kuna alama ya mwisho, yaani ile Enter, ambayo namba yake ni 13 katika ASCII, orodha ya namba ambazo kompyuta huzipa herufi. Ikiwapo, kata kila kilicho kabla yake: huo ndio ujumbe mmoja. Kilicho baada yake kiache kikapuni, ni mwanzo wa ujumbe ujao. Rudia mpaka hakuna tena alama ya mwisho. Ni mistari michache tu ya programu, na ikiwekwa sawasawa hutaigusa tena miaka mingi.

Angalizo moja la haraka: kwenye Windows skana ikihamishiwa tundu jingine la USB, COM3 inaweza kugeuka COM5. Usiiandike namba hiyo ndani ya programu. Itafute skana kwa namba ya mtengenezaji na ya kifaa, ambazo kila kifaa cha USB hubeba. Kwa wanaotengeneza programu za kwenye kivinjari, Chrome iliruhusu kurasa kuzungumza na poti za siriali kuanzia mwaka 2021, mtumiaji akitoa ruhusa, lakini si vivinjari vyote vimekubali kufanya hivyo.

Sasa ujumbe umefika mzima. Tumepokea nini? Hapa nina msimamo ambao siulegezi: msimbo ni jina, si hesabu. Umeandikwa kwa tarakimu, lakini hakuna mtu atakayejumlisha vitabu viwili apate cha tatu. Kadi za wanachama wa maktaba ile zilikuwa na namba kama 0045127. Aliyetengeneza jedwali kabla yangu aliiweka safu ya namba kuwa ya hesabu, na kwa hesabu 0045127 na 45127 ni kitu kimoja, kwa hiyo sifuri mbili za mbele zilitupwa siku ya kwanza. Skana ilisoma 0045127, programu ikaitafuta, na mwanachama akaambiwa hayumo. Majedwali ya Excel huongeza balaa lake: namba ya tarakimu 13 ikiingia kwenye seli isiyopangwa kuwa maandishi huonyeshwa kwa ufupisho wa kisayansi, na watu huinakili hivyohivyo, nusu ya tarakimu zikiwa zimekwisha kupotea. Hifadhi kama maandishi. Linganisha kama maandishi.

Jina lenyewe pia hutajwa kwa namna zaidi ya moja. Msimbo wa tarakimu 12 uliotumika Marekani tangu mwanzo, ukiutangulizia sifuri, ndio uleule wa tarakimu 13. Skana nyingine hutuma 12, nyingine 13, kutegemea ilivyopangwa. Vitabu vilivyochapishwa kabla ya mwaka 2007 huwa na namba ya tarakimu 10 kwenye ukurasa wa ndani, na ya mwisho inaweza kuwa herufi X, huku msimbopau wa jalada ukiwa na 13 zinazoanza na 978. Ni kitabu kimoja. Pembeni mwa msimbopau wa baadhi ya vitabu kuna mwingine mfupi wa tarakimu 5, na skana iliyopangwa kuusoma hukupa tarakimu 18 zilizoungana. Programu iamue sura moja ya kuhifadhia, na kila kinachoingia kigeuzwe kiwe hivyo mlangoni, kabla hakijakaribia hifadhidata.

Ili kujua kilichoingia ni kitabu au ni kadi, iulize skana yenyewe. Inaweza kupangwa kutanguliza alama tatu za utambulisho: ]E0 kwa misimbo ya tarakimu 13, ]A0 kwa aina nyingine ya msimbopau iitwayo Code 39, ]F0 kwa ile iitwayo Codabar, ambayo maktaba nyingi zimeitumia kwenye kadi na vitabu vyao. Watu wengi hawajui kwamba jambo hili lipo, nao huhangaika kukisia kwa urefu wa namba. Alama hizo zinakupa aina ya msimbo na mwanzo wa ujumbe kwa mpigo mmoja.

Halafu kuna tarakimu ya mwisho, ile ya uhakiki, ambayo mimi naipenda kuliko zote. Chukua 200123456789. Jumlisha zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 2, 0, 2, 4, 6, 8, jumla 22. Jumlisha zilizo nafasi ya pili, ya nne na kuendelea: 0, 1, 3, 5, 7, 9, jumla 25, zidisha kwa 3 upate 75. Ukijumlisha 22 na 75 unapata 97. Inahitajika 3 kufika 100, kwa hiyo tarakimu ya kumi na tatu ni 3. Tarakimu moja yoyote ikikosewa, jumla haitaangukia kwenye kumi kamili, na kosa litaonekana bila kukosa. Mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, kosa litaonekana pia, isipokuwa pale tofauti yao ni 5, kama 1 na 6: hizo hupita kimya. Skana huifanya hesabu hii yenyewe kabla ya kulia. Mimi huifanya tena ndani ya programu, kwa sababu kati ya skana na programu kuna njia, na nimekwisha kuona yanayotokea njiani.

Katika msimbo huo wa tarakimu 13 kuna siri ambayo nilipoijua nilikaa nikiutazama mgongo wa kitabu kwa muda. Hesabu michoro yake utapata ya tarakimu 12 tu, sita kushoto na sita kulia. Ile ya kwanza haikuchorwa. Kila tarakimu ya upande wa kushoto inaweza kuchorwa kwa namna mbili, na mpangilio wa namna hizo kati ya zile sita ndio unaoitaja tarakimu ya kwanza. Upande wa kulia una namna yake ya tatu, na tofauti hiyo ndiyo inayoiambia skana kama kitabu kimepinduliwa kichwa chini. Wazo la mistari lenyewe lilianzia mchangani: Norman Joseph Woodland alikuwa ameketi ufukweni Miami Beach akifikiria nukta na vistari vya Morse, ule msimbo wa telegrafu, akavuta vidole vyake kwenye mchanga, akaona mistari minene na myembamba. Yeye na Bernard Silver walipata hataza mwaka 1952. Ilichukua mpaka tarehe 26 Juni 1974 ndipo bidhaa ya kwanza yenye msimbo wa aina hii iliposomwa kaunta, katika mji wa Troy, Ohio. Kati ya mchanga na kaunta kulikuwa na miaka ya kutafuta mwanga wa kutosha, kompyuta ndogo ya kutosha, na makubaliano ya kutosha.

Narudi kwenye mlio. Skana hulia inapokuwa imesoma: imeuona msimbo, imeukagua, imeutuma. Ni taarifa ya kweli, lakini ni taarifa ya skana juu ya skana. Haina habari kama kuna aliyepokea, kama kitabu kimo kwenye orodha, kama kimeandikwa mara mbili, kama diski imejaa. Anayefanya kazi hatazami skrini. Anatazama mikono yake, anatazama rafu, anatazama mtu aliye mbele yake. Masikio yake ndiyo yaliyo huru, na sauti pekee tuliyokuwa tumempa ilikuwa ya kifaa kisichojua matokeo.

Sasa programu zangu zina sauti zao. Rekodi ikishahifadhiwa kwenye hifadhidata, hapo tu, inatoka sauti fupi ya juu. Ikikataliwa inatoka ndefu, nzito, ya chini, isiyoweza kudhaniwa kuwa ile nyingine hata na aliyechoka. Kitabu kilichokwisha kuhesabiwa kina sauti yake, mbili za haraka. Mlio wa skana yenyewe naupunguza kabisa au nauzima, kwa kuisomesha ukurasa wa mipangilio. Wenye skana za bei ya juu wanaweza kuitumia skana ileile itoe sauti kwa amri ya programu kupitia poti, na hilo ni bora zaidi, maana sauti inatoka mkononi.

Niliirudisha programu kwa yule dada ikiwa imebadilishwa hivyo. Sikumwonyesha skrini. Niliigeuza ikaelekea ukutani, nikampa skana na vitabu ishirini na nne, nikafungua kwa makusudi madirisha mengine matatu juu ya programu ili yaifunike, kisha nikamwomba asome vyote na mwishoni aniambie kilichotokea kwa masikio tu.

Alisoma bila haraka. Alipofika katikati alisimama, akakitazama kitabu alichokuwa amekishika, akakipitisha tena, akasikia tena ile sauti nzito, akakiweka pembeni. Akaendelea mpaka cha mwisho.

"Vimeingia ishirini na tatu," alisema. "Hiki hapa kimekataa."

Niligeuza skrini. Vilikuwa ishirini na tatu. Kile cha pembeni kilikuwa na kadi ya mwanachama fulani iliyosahaulika ndani ya bahasha ya plastiki ya jalada, imelala juu kabisa ya msimbopau wa kitabu, na namba ya kadi ndiyo skana iliyokuwa ikiisoma.